Kabla ya Kupanda Kitanda cha Upasuaji: Kuandaa Akili na Mwili kwa Upasuaji wa Kupunguza Uzito

Siku unapopewa tarehe ya upasuaji unatoka kliniki mwepesi, kana kwamba kilo kumi zimeshakutoka. Furaha hiyo ni ya kweli, ila haina maisha marefu. Wiki tatu baadaye kipimo kimoja kimeahirishwa, karatasi za bima zimekwama mahali, jamaa mmoja kakuambia mezani kwamba unachokosa ni nidhamu tu, na ule moto wa siku ya kwanza umebaki majivu. Mimi nilisubiri miezi saba. Katika miezi hiyo nilighairi moyoni mara tatu, na mara zote tatu kilichonirudisha hakikuwa hamasa. Ni vitu vidogo vidogo nilivyokuwa nimeshavizoea kiasi kwamba kuviacha kungenipa taabu kuliko kuendelea navyo.

Kwa hiyo sitakuhimiza uwe na hamasa. Nitakueleza namna ya kuutumia muda wa kusubiri, ili siku ukiingizwa chumba cha upasuaji uwe tayari unakula, unakunywa na unatembea kama mtu aliyekwisha kupasuliwa. Kinachokatwa ni tumbo. Kichwa unarudi nacho nyumbani kilekile.

Hatua ya 1: Jua unakwenda kufanyiwa nini

Hofu nyingi hutokana na picha tulizojichorea wenyewe. Muulize daktari jina la upasuaji wako na umwombe akuchoree kwenye karatasi. Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani, na kwa kawaida zote hufanywa kupitia matundu madogo, mgonjwa akiwa amepewa nusu kaputi.

Katika aina ya kwanza, tumbo hukatwa kwa urefu na karibu asilimia 75 hadi 80 yake hutolewa. Kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayotolewa ndiyo inayozalisha kwa wingi homoni ya njaa iitwayo ghrelini, na ndiyo sababu wengi huona njaa imetulia miezi ya mwanzo. Kilichotolewa hakirudishwi.

Katika aina ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo sehemu ya juu ya tumbo, chenye ujazo wa kama mililita 30, kisha hukiunganisha na utumbo mwembamba mbele zaidi. Chakula huruka sehemu kubwa ya tumbo na mwanzo wa utumbo. Njia hii huwafaa zaidi wenye kiungulia kikali, kwa kuwa ile ya mrija inaweza kukizidisha. Lakini inadai uangalifu mkubwa zaidi wa vitamini, na ukila kitu chenye sukari nyingi unaweza kutokwa jasho, moyo ukaenda mbio na tumbo likaendesha.

Pima matarajio yako mapema. Kwa wastani mtu hupoteza kama robo hadi karibu theluthi ya uzito wake wote katika mwaka mmoja au miwili ya kwanza, kisha wengi hurudisha kiasi kidogo. Mtu wa kilo 130 akifika 95 amefanikiwa vizuri sana, hata kama kichwani alikuwa anaiona 65. Anayeingia akiisubiri ile 65 atajiona ameshindwa siku ambayo madaktari wake wanampongeza.

Uliza pia kuhusu hatari bila kuona haya: mshono kuvuja, damu kutoka, damu kuganda miguuni au kwenye mapafu. Vifo ni nadra, takriban mtu 1 kati ya 1,000 katika vituo vyenye uzoefu, na neno uzoefu hapo ndilo lenye uzito. Una haki ya kumuuliza daktari amefanya upasuaji huu mara ngapi. Akikasirika, hilo nalo ni jibu.

Na wale wanaosema ni njia ya mkato? Kuna utafiti ulioanza Uswidi mwaka 1987, uliowafuatilia waliopasuliwa na wenzao waliopata matibabu ya kawaida. Matokeo yake ya 2007 yalionyesha kwamba waliopasuliwa walikufa wachache kuliko wale wengine. Mwaka 2022 chama cha Marekani na shirikisho la kimataifa la madaktari wa fani hii vilitoa mwongozo mpya unaopendekeza upasuaji kwa mwenye BMI (kipimo cha uzito ukilinganishwa na urefu) ya 35 na kuendelea hata kama hana ugonjwa mwingine, na kwamba mwenye 30 hadi 34.9 afikiriwe kama ana kisukari cha aina ya pili. Ni tiba ya maradhi. Huhitaji kubishana na kila mtu. Inatosha wewe mwenyewe ulijue hilo.

Hatua ya 2: Andika sababu zako, ziwe ndogo na za kushikika

"Nataka kuwa na afya" haikusaidii saa nne usiku ukiwa mbele ya friji. Andika vitu ambavyo mwili wako unavijua. Kufunga kamba za viatu bila kubana pumzi. Kupanda ngazi huku ukiongea na mtu. Kukaa kwenye kiti cha ndege bila kuomba mkanda wa kuongezea. Sababu tatu zatosha. Ziandike kwa mkono na uzibandike ndani ya mlango wa kabati la nguo, unapopaona kila asubuhi na mgeni hapaoni.

Kisha tafuta vipimo vingine mbali na mizani. Mizani ni mwalimu mkali na kigeugeu: maji tu yanaweza kuipandisha kilo moja na nusu kwa siku. Kila Jumapili pima haya: unaweza kunyanyuka kitini na kukaa tena mara ngapi katika sekunde 30 bila kujishika, umetembea dakika ngapi bila kusimama, usiku umeamka mara ngapi. Mimi nilianza na kunyanyuka mara sita. Wiki ya kumi zilikuwa kumi na moja, na mizani ilikuwa haijasogea kwa mwezi mzima. Bila daftari lile ningeapa kwamba sijafanya lolote.

Panga pia "siku mbaya" itakuwaje kabla haijafika, maana itafika. Yangu ilikuwa na mambo matatu tu: kutembea dakika kumi, kunywa maji yangu yote, kulala bila kula tena baada ya chakula cha usiku. Siku mbaya ukifanya hayo, hesabu kwamba umefanya kazi. Kinachowaangusha watu si siku moja ya kuteleza. Ni ile hesabu ya "nimeshaharibu, basi nitaanza upya Jumatatu".

Hatua ya 3: Shughulikia kichwa

Hapa ndipo penye kazi kubwa, na ndipo wengi hupapitia juu juu.

Kuna njaa ya tumbo na njaa ya kichwa. Ya tumbo huja polepole na hukubali chakula chochote. Ya kichwa huja ghafla, inataka kitu kimoja maalumu, na ukishakila haikushukuru. Upasuaji huipunguza ya kwanza. Ya pili huiacha palepale. Ndiyo maana unahitaji kuijua kabla.

Chukua daftari na kwa wiki mbili andika kila unachokula, saa uliyokula, na kilichotokea dakika tano kabla. Safu hiyo ya tatu ndiyo yenye siri. Usiandike hisia kubwa kubwa, andika tukio. "Bosi kapiga simu." "Watoto wamelala." "Nimekaa mbele ya runinga." Mwisho wa wiki ya pili soma safu ya tatu peke yake, kutoka juu hadi chini. Yangu ilikuwa na maneno "nyumba kimya" mara tisa. Sikuwa na njaa usiku. Nilikuwa naukimbia ukimya. Nikaanza kumpigia dada yangu saa hiyo, naye alichoka nami kiasi, lakini mkono wangu ulikuwa na simu badala ya sahani.

Kama kuna vipindi unakula kwa kasi, kingi, kwa siri, na huwezi kujizuia, vitaje. Huo ni ugonjwa unaotibika, na hauna maana kwamba utakataliwa upasuaji. Vivyo hivyo sonona, wasiwasi mkubwa, au machungu ya zamani ambayo chakula kimekuwa kikiyafunika. Hospitali nyingi humpeleka mgonjwa kwa mwanasaikolojia, na watu huingia mle kama wanaokwenda kufanya mtihani, wamekariri majibu mazuri. Mficha maradhi kifo humuumbua. Yule mtu hatafuti sababu ya kukukatalia. Anataka kujua ni msaada gani uandaliwe, kwa sababu miezi baada ya upasuaji hisia hupanda na kushuka, na kwa wachache hushuka vibaya hadi kutaka kujidhuru. Ukianza kuwa na mawazo ya namna hiyo, kabla au baada, mwambie mtu siku hiyohiyo, usingoje miadi.

Pombe nayo izungumziwe wazi. Baada ya upasuaji, hasa ule wa kifuko, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa nguvu zaidi, na kuna watu ambao hawakuwa walevi wakawa walevi mwaka wa pili. Anayefarijiwa na chakula, akinyang'anywa chakula, hutafuta faraja pengine. Amua sasa faraja yako itakuwa wapi.

Jambo moja la mwisho kuhusu kichwa: karamu za kuaga. Wiki chache kabla ya tarehe, kila chakula unachokipenda hukuita kwa jina. Mara ya mwisho hii, mara ya mwisho ile. Watu huongezeka kilo kadhaa kwa kuaga. Chagua mlo mmoja, kaa na watu unaowapenda, ule polepole, na ufunge kitabu. Vingi kati ya hivyo utavila tena kwa kijiko badala ya sinia, kwa hiyo msiba wenyewe si mkubwa kama unavyodhani.

Hatua ya 4: Jifunze kula upya ukiwa bado na tumbo lako zima

Huu ndio ushauri ninaoupenda kuliko wote. Chukua kijiko cha chai na sahani ndogo. Weka saa ya simu dakika ishirini. Tia kijiko mdomoni, kiweke chini, ondoa mkono. Tafuna mara ishirini au zaidi hadi chakula kiwe laini kabisa. Meza. Subiri kidogo. Ndipo ukishike kijiko tena.

Siku ya kwanza nilimaliza kwa dakika saba na nikakasirika. Nilikuwa natafuna huku mkono tayari umeshabeba kijiko kinachofuata kimening'inia hewani kama ndoo inayongoja zamu kisimani. Ilinichukua mwezi mkono ule kutulia. Baada ya upasuaji, mkono usiotulia maana yake ni maumivu ya kifua na kutapika, kwa hiyo afadhali vita hiyo upigane sasa.

Mazoezi mengine ya mezani: usinywe wakati wa kula, na baada ya kula subiri kama nusu saa. Acha soda na vinywaji vyote vyenye gesi. Kunywa maji kwa mafunda madogo siku nzima, usigugumie glasi nzima kwa mkupuo. Anza na protini kwenye sahani, iwe yai, samaki, kuku, maharage au mtindi, kisha mboga, na wanga uje mwisho. Baadaye utaambiwa upate kama gramu 60 hadi 80 za protini kwa siku, na kwa tumbo dogo hakuna nafasi ya kuanza na kitu kingine.

Vitamini nazo zizoee mapema. Utazimeza maisha yako yote: mchanganyiko wa vitamini, B12, vitamini D, kalsiamu, na kwa wengi madini ya chuma. Kalsiamu na chuma havimezwi pamoja, kwa kuwa kimoja humzuia mwenzake kunyonywa. Viachane kama saa mbili.

Hatua ya 5: Andaa mwili

Tembea. Hakuna zoezi linaloshinda hilo. Kama magoti yanauma, anza dakika tano mara tatu kwa siku, au fanya mazoezi ndani ya maji ukipata nafasi. Lengo si kupungua. Ni moyo, mapafu na miguu iliyozoea kusogea, kwa sababu utasimamishwa utembee saa chache tu baada ya kuzinduka, ili damu isigande. Ongeza mazoezi mepesi ya misuli mara mbili kwa wiki: kunyanyuka kitini, kusukuma ukuta. Uzito ukianza kushuka kwa kasi, misuli nayo hushuka kama haina kazi.

Jizoeze kupumua kwa kina: vuta kupitia puani hadi mbavu zipanuke, shikilia kidogo, toa taratibu, mara kumi, asubuhi na jioni.

Sigara iachwe angalau wiki sita kabla, na isirudiwe. Huchelewesha vidonda kupona, huharibu mapafu wakati wa nusu kaputi, na baadaye husababisha vidonda kwenye muunganiko mpya wa tumbo na utumbo. Hospitali nyingine hupima nikotini na kuahirisha upasuaji wakiikuta.

Ukikoroma sana na kuamka umechoka, omba upimwe kama pumzi hukatika usingizini. Ukipewa mashine ya kusaidia kupumua, ivae kila usiku kabla ya upasuaji na uende nayo hospitalini. Vipimo vingine hutofautiana, ila tegemea damu, sukari, moyo, ini, pengine kamera ya tumboni na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo.

Dawa zako zote, hata za mitishamba, ziandike kwenye karatasi moja. Usisimamishe yoyote kwa akili yako. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari huhitaji dozi ibadilishwe mara mlo unapopunguzwa, la sivyo sukari inaweza kuporomoka. Anayetumia sindano za kupunguza uzito lazima amwambie daktari wa usingizi, kwa kuwa dawa hizo huchelewesha chakula kutoka tumboni. Na dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki uziulizie mapema. Baada ya upasuaji wa kifuko huwa zimepigwa marufuku.

Kwa wanawake: uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka uzito unaposhuka, na ushauri ni kungoja miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza visinyonywe vizuri baada ya upasuaji wa kifuko, kwa hiyo panga njia nyingine kabla.

Hatua ya 6: Mlo wa kusinyaza ini

Wiki mbili hadi nne za mwisho wengi huwekwa kwenye mlo mdogo, mara nyingi kalori 800 hadi 1,200 kwa siku, wenye wanga kidogo. Sababu yake ni ya kifundi kabisa. Ini lenye mafuta hulala juu ya tumbo, na daktari hulazimika kulinyanyua ili aone anachokata. Likiwa kubwa na laini hupasuka kirahisi na kutoka damu. Ukila wanga kidogo, ini hutumia akiba yake ya sukari pamoja na maji yanayoshikana nayo, likanywea.

Siku ya pili hadi ya nne ndizo ngumu: kichwa kinauma, hasira ziko karibu. Kunywa maji, tumia supu iliyochujwa kama umeruhusiwa, lala mapema. Kuanzia siku ya tano wengi hupata nafuu. Ukiteleza, rudi kwenye mlo unaofuata na umwambie mtaalamu wa lishe. Usijaribu kufidia kwa kushinda na njaa.

Hatua ya 7: Watu wa nyumbani

Si lazima kila mtu ajue. Chagua watu wawili au watatu, na kila mmoja mpe kazi yenye jina: huyu atanipeleka na kunirudisha, huyu atabeba mizigo, kwa kuwa utakatazwa kunyanyua vitu vizito kwa wiki kadhaa, huyu nitampigia nikilia. Wengine waambie unafanyiwa upasuaji wa tumbo, ni kweli. Mwenza wako aende nawe angalau kliniki moja, asikie kwa masikio yake, kwa sababu meza ya nyumbani itabadilika kwake pia.

Hatua ya 8: Siku zenyewe

Fuata maelekezo ya kufunga kula kwa dakika zake. Kwa kawaida chakula huachwa saa sita hadi nane kabla, na maji matupu mara nyingi saa mbili kabla, lakini hospitali yako ndiyo yenye neno la mwisho. Begi liwe dogo: nguo pana, viatu vya kuchomeka mguu bila kuinama, waya mrefu wa chaji, karatasi ya dawa, mafuta ya midomo.

Utakaa siku moja au mbili kama mambo ni shwari. Kisha vinywaji, halafu vyakula vilivyosagwa, halafu vilaini, na kwenye wiki ya sita hadi ya nane chakula cha kawaida kidogo kidogo. Jua mapema kwamba kati ya siku ya tatu na ya kumi watu wengi hujuta. Unanusa chakula cha wenzio, mafunda mawili ya maji yamekujaza, na unajiuliza umejifanyia nini. Mimi nililia kwa sababu ya harufu ya kitunguu kinachokaangwa. Kufika wiki ya nne, majuto hayo yalikuwa yameshapita. Nywele nazo huweza kupukutika mwezi wa tatu hadi wa sita. Kwa kawaida huota tena.

Kuna mambo ambayo hayangoji: homa, moyo kwenda mbio hata ukiwa umelala, maumivu ya tumbo yanayozidi au yanayopanda begani, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kutapika hata maji. Hayo ni ya kurudi hospitalini saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na unaona haya kuwasumbua.

Kabla hujaondoka nyumbani, miadi ya ufuatiliaji wa mwaka mzima iandike kwenye kalenda ya ukutani. Namba ya wodi nayo iandike kwenye karatasi, karibu na kitanda. Usiku wangu wa kwanza nyumbani simu ilizima chaji saa nane, na ile karatasi ndiyo mume wangu aliyoisoma kwa tochi.